Waya wa laki saba na waya wa elfu kumi: mziki unabadilika kweli?

Mtu akinunua spika mpya hakosi mjuaji wa kumwambia sasa hapo umeharibu bwana, spika za maana hizo halafu unaziunga na waya wa kawaida, tafuta waya wenyewe ndo utasikia mziki. Hapo hapo anatokea mwingine anasema huo ni wizi mtupu, waya ni waya, chukua hata wa pasi. Mabishano yanaanza, hayaishi, na mwenye spika anabaki anatumbua macho. Kinachowagombanisha hawa wawili ni kwamba wanaongelea waya kama vile ni kitu kimoja, kumbe kwenye mziki waya zina kazi tofauti kabisa, na swali la pesa linajibiwa tofauti kwa kila kazi.

Tuanze na vitu vya msingi. Sauti ikishaingia kwenye waya sio sauti tena, ni umeme. Kwenye waya za analogia huo umeme unapanda na kushuka kwa kufuata mawimbi ya sauti yenyewe, mtu akiimba kwa nguvu unapanda sana, akinong'ona unapanda kidogo. Kwenye waya za dijitali, kama HDMI ule wa kuunga TV, USB au waya wa intaneti, kinachopita ni namba tu, sifuri na moja, na kifaa cha upande wa pili ndo kinazigeuza kuwa sauti.

Halafu hizo za analogia nazo haziko sawa. Maiki inatoa umeme mdogo sana, gawa volt moja mara elfu, inatoa vipande vichache tu. Kutoka kwenye TV, simu au deki kwenda kwenye amplifaya ni karibu volt moja hivi. Kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika unaweza kufika volt kumi, ishirini, na kwenye mziki mnene wa kukodi zaidi ya hapo. Shika hizo ngazi tatu kichwani maana karibu kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Sasa waya unaweza kuufanya nini huo umeme? Mambo matatu. Unaweza kuuzuia kidogo usipite wote, huo unaitwa ukinzani na unapimwa kwa omu, ndo ile alama ya Ω unayoiona nyuma ya spika. Unaweza kudaka kelele za nje, za umeme wa nyumba, za simu, za mota. Na unaweza kumeza sauti za juu, ile trebo, kama ni mrefu sana na kifaa kinachotuma ni dhaifu. Basi. Hakuna la nne. Waya hauna betri wala akili ya kuongeza besi au kupanua jukwaa la sauti kama matangazo yanavyosema, waya bora kuliko wote duniani ni ule unaopitisha kila kitu kama kilivyoingia, na kwa bahati nzuri hiyo sio kazi ngumu wala ya gharama.

Waya wa spika ndo unaopigiwa kelele kuliko zote. Hapa umeme ni mkubwa kwa hiyo kelele za nje hazina nafasi, kinachohesabika ni ukinzani, na ukinzani unategemea vitu vitatu tu: unene, urefu na madini yaliyo ndani. Tupige hesabu kidogo, haiumi. Waya wa shaba wa 1.5, yaani ukiukata uso wa shaba ni milimita za mraba 1.5, ule ule mafundi umeme wanaoupitisha kwenye taa, una ukinzani wa kama omu 0.0115 kwa mita. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya umeme unaenda mita 5 na kurudi mita 5, jumla 10, yaani omu 0.115. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni asilimia moja na nusu hivi. Roger Russell, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya McIntosh ya Marekani inayotengeneza amplifaya za bei mbaya kweli kweli, aliweka kanuni rahisi tu kwamba ukinzani wa waya ukibaki chini ya asilimia 5 ya omu za spika umemaliza kazi, sikio halitaona kitu. Kwa hiyo waya wa taa umefaulu na chenji imebaki.

Lakini chukua zile waya nyembamba zinazokuja bure kwenye boksi la redio. Tuseme ni wa 0.5, ukauvuta mita 10 hadi upande wa pili wa ukumbi kwenye spika ya omu 4. Hapo ukinzani unakaribia omu 0.7, zaidi ya asilimia 15 ya spika yenyewe, na hapo utapoteza nguvu kiasi cha kusikika, tena sio nguvu tu. Omu za spika hazitulii, zinabadilika besi ikipigwa na trebo ikipigwa, kwa hiyo waya mwembamba unakata zaidi kwenye sauti fulani kuliko nyingine na mziki unabadilika ladha. Ndo maana yule anayesema waya ni waya tu naye hajamaliza. Weka wa 2.5 kwenye safari hiyo hiyo unarudi omu 0.14, tatizo limekwisha, na wa 2.5 unauzwa kila duka la vifaa vya umeme. Wa kulala kwenye mabomba ukutani ni mgumu kukunja, kwa hiyo chukua ule laini wenye nyuzi nyuzi, kwa sauti ni kitu kimoja.

Na hapa ndo biashara yenyewe ilipoanzia. Zamani Marekani watu walikuwa wanaunga spika na waya mwembamba wa taa za mezani, hakuna aliyejali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jamaa mmoja anaitwa Noel Lee, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi maabara ya Lawrence Livermore kule California, akaanza kuuza waya mnene wa spika kwa jina la Monster Cable. Wazo lake halikuwa la uongo, kwenye umbali mrefu waya mnene unasaidia kweli. Ila maduka yakagundua kwamba TV na amplifaya mteja anabishana bei mpaka faida inabaki kiduchu, waya anauchukua mwishoni bila kuuliza, na faida yake ni nono. Kuanzia hapo kila mtu akataka kuuza waya wa ajabu kuliko wa mwenzake, na ukweli mdogo wa mwanzo ukavutwa mpaka ukawa kitu kingine.

Mfano ni fedha, namaanisha madini. Utaambiwa waya wa fedha unapitisha umeme kuliko shaba. Kweli, kwa asilimia 6 hivi. Asilimia 6 hiyo unaipata kwa kuongeza unene wa shaba kidogo sana kwa bei ya soda. Au utaambiwa umeme wa sauti za juu unapita kwenye ngozi ya nje tu ya waya kwa hiyo unahitaji waya uliosukwa kitaalamu. Jambo hilo lipo kwenye fizikia na ni kitu kikubwa kwenye minara ya redio, ila kwenye sauti ya juu kabisa ambayo binadamu anaweza kuisikia, herzi 20,000 yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, umeme bado unazama karibu nusu milimita ndani ya shaba. Waya wa 2.5 wenyewe kutoka katikati hadi ukingoni haufiki milimita moja. Hiyo ngozi ni sehemu kubwa ya waya mzima, sasa unalipia kusukwa ili iweje.

Kitu ambacho sisi huku tunapaswa kukiogopa kuliko hivyo vyote hakisemwi kwenye matangazo kabisa. Ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kariakoo umejaa, Luthuli Avenue pale Nairobi umejaa, unang'aa vizuri, umeandikwa 2.5, una maandishi ya dhahabu kwenye ganda la plastiki, na bei yake inapendeza. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo 2.5 yake kwa kweli inafanya kazi kama 1.5 na ushee ya shaba, tena inakatika ukiukunja kunja mara kadhaa na kwenye maungio inalegea na kupata moto. Namna ya kuujua: kwaruza uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani umeshaelewa. Na uushike mkononi, shaba ina uzito mara tatu na zaidi ya aluminiamu, roli la mita mia likiwa jepesi kama la kamba ya kuanikia nguo usijidanganye. Mtu anayehangaika kama anunue waya wa laki saba mara nyingi hajui kama huo wa elfu kumi alionao ni shaba kweli.

Tuje kwenye waya za umeme mdogo, za maiki na za kuunga deki kwenye amplifaya. Hapa mambo yanageuka, unene hauna maana sana, adui ni kelele. Umeme wa maiki ni mdogo kiasi kwamba waya ukiwa mtupu unageuka antena. Ndo maana waya wa maiki una wavu wa shaba unaozunguka nyaya za ndani, huo wavu ndo ngao, na ngao mbovu utaisikia mmmmm hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Ile waya ya pini tatu, XLR, ina ujanja zaidi: sauti inatumwa mara mbili kwenye nyaya mbili, mmoja ukiwa kinyume cha mwenzake. Kelele ikiingia inaingia sawa kwenye zote mbili, mwisho wa safari miksa inatafuta tofauti ya hizo mbili, kilicho sawa kinafutika na kilicho kinyume kinabaki. Ujanja huu ni wa siku nyingi, hauna hati miliki ya mtu, upo kwenye waya wa bei ya kawaida, na ndo unaobeba maiki kwa makumi ya mita kwenye matamasha makubwa na vituo vya redio.

Kosa linaloua vifaa makanisani na kwenye shughuli ni kuchanganya hizi familia mbili. Jeki kubwa la milimita 6.35 linapatikana kwenye waya wa gitaa na pia kwenye waya wa spika, kwa nje ni mapacha. Ukichukua wa gitaa, wenye uzi mwembamba katikati na wavu juu, ukaunga amplifaya ya nguvu na spika, waya unapata moto na unaweza kuyeyuka ukapiga shoti amplifaya. Ukifanya kinyume, ukaweka waya wa spika kwenye gitaa, mngurumo utakaoupata si wa kawaida. Na kwa kuwa tumelitaja gitaa, hapo ndo mahali ambapo waya wa analogia, hata ukiwa mzima, unabadilisha sauti kwa kiasi ambacho mpigaji yeyote anakisikia. Pikapu ya gitaa, ile sumaku inayodaka mtikisiko wa nyuzi, ni dhaifu, waya ukiwa mrefu mita 10 na zaidi trebo inamezwa, gitaa linakuwa zito. Wapo wapigaji wanaoupenda huo uzito wanatafuta waya mrefu makusudi. Dawa kwa asiyeupenda ni waya mfupi, au gitaa lenye betri ndani.

Kuhusu ule mngurumo wa mmmmm. Watu wengi wananunua waya wa bei kwa sababu yake, na mara nyingi hausaidii. Huku umeme wetu ni wa herzi 50, na vifaa viwili vikichomekwa kwenye soketi mbili tofauti, kila kimoja na ethi yake, ule uzi wa usalama unaoenda ardhini, halafu ukaviunga kwa waya wa sauti, unakuwa umetengeneza duara ambalo umeme wa ethi unazunguka na kuimba kwenye spika. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja kwanza, mara nyingi unaisha hapo. Ukikataa, kuna vikasha vidogo vya transfoma vya kukata duara hilo. Ila usikate ile pini ya ethi kwenye plagi kama mafundi wengine wanavyofanya. Mngurumo utaisha kweli, lakini siku amplifaya ikivuja umeme, aliyeshika maiki ndo atakuwa ethi.

Dijitali sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ndo penye wizi wa wazi. Fikiria meseji ya M-Pesa. Umetumiwa elfu hamsini, meseji ikifika kwenye kitochi chenye ufa inasema elfu hamsini, ikifika kwenye simu ya milioni mbili inasema elfu hamsini ile ile, haifiki ikiwa elfu hamsini yenye joto zaidi au yenye besi. Mtandao ukiwa mbovu haifiki kabisa au inachelewa. Waya wa dijitali uko hivyo. HDMI ikiwa mbovu utaona vidoti vyeupe vinamwagika kwenye picha, sauti inakatika katika, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde kadhaa. Huwezi kukuta HDMI mbovu inayofanya sauti ya mwimbaji iwe nyembamba kidogo. Inafika au haifiki.

Kwa hiyo mwaka 2008 kampuni ya Denon, kampuni inayoheshimika kabisa kwa amplifaya zake, ilipouza waya unaoitwa AK-DL1, mita moja na nusu, wa aina ile ile ya waya wa intaneti wa ofisini, kwa dola 499, watu waliucheka mitandaoni kwa miaka. Ulikuwa na alama za kuonyesha sauti inaenda upande gani. Namba zinaenda na kurudi kwenye waya wa intaneti muda wote, mishale ya nini?

Kuna jambo moja la kweli nisilifiche. USB kutoka kwenye kompyuta inaweza kuleta mluzi mwembamba kwenye spika hasa laptopu ikiwa kwenye chaji. Hiyo sio namba zimeharibika, ni kelele ya umeme inayopanda kwenye uzi wa ethi sambamba na namba. Waya wa bei hauzibi hilo. Waya wa mwanga unaziba, ule wa optiki wenye taa nyekundu ambao nyuma ya TV nyingi una tundu lake, kwa sababu unapitisha mwanga tu na umeme hauna pa kupita. Na HDMI ina jambo lake pia, za zamani zilitengenezwa kwa bitsi, yaani zile sifuri na moja, bilioni chache kwa sekunde wakati HDMI 2.1 inataka hadi bilioni 48, kwa hiyo kama una TV mpya na mashine ya gemu mpya angalia boksi limeandikwa Ultra High Speed. Ukishaipata hiyo na urefu sio wa kupitiliza, kwa vifaa hivyo huhitaji ngazi nyingine juu yake.

Utauliza, mbona kuna watu wazima, wenye akili zao, wanaapa kwamba wamesikia tofauti? Hawadanganyi. Wamesikia kweli. Sikio halifanyi kazi peke yake, linasaidiwa na macho na mfuko. Ukishajua umetoa laki saba unakaa kimya, unazima feni, unasikiliza kwa makini kuliko jana, na kwa makini hayo unasikia ule mrindimo wa tumba nyuma ya sauti ambao ulikuwepo siku zote. Pia ukichomoa na kuchomeka tena unakuwa umesugua kutu kwenye jeki, au umerudisha sauti juu kidogo tu kuliko mwanzo, na binadamu akisikia sauti iliyo juu kidogo anaiita nzuri zaidi bila kujua ni ya juu.

Njia ya kumaliza ubishi ni kusikiliza bila kujua. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyetumia maisha yake kuumbua matapeli, aliweka mezani dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio tu waya wa spika wa Pear Anjou, uliokuwa unauzwa dola 7,250 kwa jozi ya futi 12, na waya wa Monster. Michael Fremer, mwandishi wa jarida la Stereophile, akajitokeza kuchukua changamoto. Kampuni ya Pear ikajitoa, jaribio halikufanyika, na ile milioni ikabaki pale pale. Nyumbani huhitaji milioni. Mwenzako anabadilisha waya kwa kurusha shilingi, wewe humuoni, na ni bora hata anayekuuliza asijue umewekwa upi ili uso wake usikupe jibu. Fanyeni mara 10. Kupatia 7 kwa kubahatisha ni kawaida tu kwa hiyo usishangilie. Kupatia zote 10 kwa bahati ni nafasi moja kati ya 1,024, ukifika hapo njoo tuongee.

Waya wa umeme wa ukutani, zile nene nene zinazouzwa kwa ajili ya amplifaya, sitazipa nafasi kubwa. Umeme umesafiri kutoka mitambo ya Kidatu au Olkaria, umepita kwenye nguzo na transfoma na waya wa kawaida ndani ya ukuta wako, halafu mita moja na nusu ya mwisho ndo iusafishe? Ndani ya amplifaya kuna transfoma na kapasita za kazi hiyo. Shida yetu ni umeme kushuka na kupanda, na hela hiyo ukinunua stabilaiza nzuri utakuwa umeokoa vifaa.

Cha kulipia kipo lakini. Lipia jeki imara iliyochomewa risasi vizuri, maana waya nyingi hufia pale shingoni. Na kama unaishi Zanzibar, Mombasa, Tanga, popote penye hewa ya chumvi, jeki zilizopakwa dhahabu zina faida. Dhahabu inapitisha umeme chini ya shaba, ila haishiki ile kutu ya kijani, na kutu ndo inayoleta kwaru kwaru. Baada ya hapo peleka hela kwenye spika, na ukimaliza spika angalia chumba. Sakafu ya vigae, kuta za saruji tupu na dirisha kubwa la kioo vinaharibu sauti kuliko waya wowote unaouzwa. Zulia, pazia zito, kuitoa spika kwenye kona ya ukuta, hivyo utavisikia hata ukiwa umefumba macho.

Na kabla hujanunua chochote hakikisha huo waya ulionao umeungwa sawa. Spika moja ikiwa na chanya na hasi zilizogeuzwa, inasukuma hewa wakati mwenzake inavuta, besi inapotea na mwimbaji anayepaswa kusikika katikati anakuwa hajulikani yuko wapi, na watu wanaanza kulaumu amplifaya. Chomoa waya zote mbili kwenye amplifaya, chukua betri ya volt 1.5, gusisha sekunde moja kwenye waya wa spika ya kwanza, chanya kwenye uzi wenye alama, uone koni inaruka nje au inaingia ndani. Rudia kwenye ya pili. Kama moja inatoka na nyingine inaingia, geuza nyuzi upande mmoja tu, nyuma ya spika.